Zhujiajiao: ukibaki na siku moja Shanghai, nenda huku

Sisi watu wa mzigo tukienda China tunajua njia moja tu, hoteli, soko, hoteli, ndege. Safari hii mimi na wifi yangu tulimaliza kuagiza vitambaa tukabakiwa na siku moja Shanghai, tukasema leo hakuna maduka, twende tukauone mji wao wa kale wa mtoni, maana sisi tumezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na mambo haya yanatugusa sana.

Kufika ni rahisi. Pale hotelini kuna mtu wa matembezi alitutajia bei ya gari ya kutisha, tukamuacha tukapanda metro laini ya 17 kutoka Hongqiao, ikatushusha steshini ya Zhujiajiao yenyewe, halafu ni miguu tu. Kutembea mjini ni bure, tiketi unakata ukitaka kuingia kwenye bustani na majumba.

Sasa daraja. Linaitwa Fangsheng, la mawe, matao matano, urefu kama mita 70, na mara ya kwanza lilijengwa 1571. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, yaani watu washalivuka daraja lile miaka 22 kabla ngome yetu haijaanza! Fangsheng maana yake kuachilia viumbe hai, na kweli pale chini wanauza visamaki kwenye mifuko ya plastiki ununue ukavirudishe mtoni. Kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake, akafungua fundo polepole, akauinamisha mfuko mpaka ukagusa maji, visamaki vikatoka kimoja kimoja, cha mwisho kikaganda pale ndani na bibi wala hakukitikisa, alikisubiri tu mpaka kikatoka chenyewe. Mimi na wifi tulisimama hapo hatusemi kitu.

Mtaa wa Bei Da Jie ni kichochoro kama vyetu, mapaa ya huku na huku yamekaribiana mpaka mbingu unaiona kama uzi. Maduka lakini yalinichosha, vipepeo vya mkono, skafu, vibeti, vyote navijua bei yake ya dazani kule Yiwu kwenye soko la jumla, msinunue hapo.

Chakula Waislamu tuwe macho, kila mlango kuna mapaja ya nguruwe yamepikwa mekundu yanameremeta, na zile zongzi, wali wa kunata uliofungwa majani kwa uzi, nyingi zina nguruwe ndani. Tafuta maandishi ya qingzhen, hiyo ndiyo halali yao, ukikosa nunua zile soya za kijani za kukaushwa kwa moshi, tamu na chumvi yake kidogo, tulimaliza pakiti mbili.

Boti usiikose. Unalipia boti nzima si kichwa, kwa hivyo tafuteni wenzenu mgawane. Mzee anasimama nyuma na kasia moja tu refu, analizungusha majini kushoto kulia bila kulitoa, na boti inakwenda kimya. Ukiwa huko chini ndo unaona mji wenyewe, nguo zimeanikwa madirishani, mama amechutama kwenye ngazi ya nyumba yake anaosha mboga. Watu bado wanaishi! Hilo ndilo lililonishika, kwa sababu kwetu nyumba inaachwa mpaka inaanguka, mlango wa nakshi unang'olewa unauzwa, halafu tunasema tuna urithi. Wale wameutunza mji na watu wake wakiwa ndani.

Tulikwenda Jumamosi na hilo ni kosa, ilipofika saa nne asubuhi daraja halipitiki kwa watu wa selfi. Nenda siku ya kazi, ufike mapema. Alipay, ile app yao ya kulipia, iweke kwenye simu ukiwa bado nyumbani na uunganishe kadi yako ya benki, kule kila kitu ni kuskani, hata wa soya, na pasipoti usiiache hoteli.

Mamangu magoti yanamsumbua, ngazi za daraja hataziweza, lakini boti ataiweza, na mwakani inshallah nampeleka.