SteamWorld Quest: RPG iliyotupa dadu ikashika kadi

Niseme mapema, asiye na muda asihangaike: SteamWorld Quest: Hand of Gilgamech ni gemu zuri, na kwa mtu anayependa kupanga mambo yake kabla ya kuingia vitani ni zuri sana. Anayetaka kukimbia na kufyatua risasi atapiga miayo kabla saa ya kwanza haijaisha. Mimi nimelicheza kwenye laptopu mpaka mwisho, kisha nikaanza upya kwa kiwango kigumu zaidi, kwa hiyo siongei kama mtu aliyeonja akaondoka.

Ugomvi wangu na RPG nyingi, yaani magemu ya kuvaa uhusika wa mashujaa na kuwakuza uwezo, ni dadu. Hata pale usipoiona, ipo. Kompyuta inairusha chinichini kila unapoinua upanga. Unaambiwa una asilimia 95 ya kumpata adui, unapiga, unakosa. Unapiga tena, unakosa tena, na huna wa kumlalamikia. Dadu haina kumbukumbu. Haijui kwamba umekosa mara tatu mfululizo na sasa ilitakiwa iwe zamu yako. Rusha dadu ya ludo mara sita: kuna uwezekano wa karibu thuluthi moja kwamba sita haitatokea hata mara moja, na yeyote aliyewahi kufungiwa kete zake zote nyumbani huku wenzake wakizunguka ubao anajua hasira yake.

Kadi ni habari nyingine. Iliyokwisha kutoka haitoki tena mpaka fungu lichangwe upya. Ndiyo maana mcheza karata mzuri huhesabu turufu zilizopita na kujua kilichobaki mikononi mwa wenzake. SteamWorld Quest imejengwa juu ya jambo hilo moja, na ndiyo sababu nimelipenda: ukipoteza pambano, mara nyingi ni kwa sababu ya kadi ulizoziweka mwenyewe kwenye fungu, wala si kwa sababu ya mkosi.

Kwa wasiolijua, hili ni gemu la studio ya Image & Form ya mjini Gothenburg, Uswidi, likachapishwa na Thunderful. Lilitoka Aprili 2019 kwenye Nintendo Switch, mashine ya magemu ya kubebeka, na mwezi uliofuata likaja kwenye kompyuta. Ni sehemu ya mfululizo wa SteamWorld ulioanza 2010, na jamaa hawa wana tabia ninayoiheshimu: kila wakirudi wanabadili aina ya mchezo. SteamWorld Dig ya 2013 ilikuwa ya kuchimba mgodi. Heist ya 2015 ilikuwa ya kulenga shabaha kwa zamu ndani ya vyombo vya angani. Quest ikaja na kadi. Kinachounganisha yote ni wahusika: roboti wanaoendeshwa kwa mvuke, wenye misumari, mabomba na magurudumu ya meno yanayoonekana waziwazi. Ni stimupanki kamili, ile dunia ya shaba na moshi, ila safari hii wameipeleka kwenye ngano za mashujaa, majumba ya kale na uchawi. Badala ya mchimba madini mwenye kofia pana, unapewa roboti mwenye upanga.

Hadithi yenyewe inasimuliwa kama ngano ya kulalia, mtu na kitabu chake na mtoto anayesikiliza. Aliyekua na "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!" hahitaji kuelezwa kwa nini mwanzo huo unashika. Shujaa wetu ni Armilly, binti aliyekulia kwenye sifa za Gilgamech, shujaa wa kale, na ndoto yake ni kuingia kwenye chama cha mashujaa. Ana moyo mkubwa kuliko uwezo wake. Pembeni yake yuko Copernica, msomi mpole wa mambo ya uchawi ambaye husema maneno machache na kwa kawaida ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Halafu kuna Galleo, pande la roboti, mvivu wa maneno ya vita, anayetibu wenzake. Baadaye wanajiunga wengine, akiwemo Orik, na pacha Tarah na Thayne ambao wanapigana wakihesabiwa kama mtu mmoja. Adui ni Jeshi la Void. Sitaenda mbali zaidi ya hapo.

Je, ni hadithi kubwa? Hapana. Mtu mzima ataona mageuzi mengi yakija kutoka mbali, na hakuna pahali unapochagua njia ya hadithi kama kwenye RPG nyingine. Unapelekwa sura kwa sura. Ila mazungumzo yana uchangamfu. Armilly na Copernica wanataniana kama watu waliokua mtaa mmoja, na Galleo ana namna yake ya kuharibu hotuba ya kishujaa kwa sentensi moja. Nilicheza sehemu kubwa nikiwa na mpwa wangu wa darasa la nne, mimi nikisoma Kiingereza cha kwenye skrini na kumgeuzia kwa Kiswahili papo hapo, kila roboti na sauti yake. Gemu halina sauti za kuigiza mazungumzo, ni maandishi matupu, na Kiswahili hakimo kwenye lugha zake. Kwa sisi wawili hilo liligeuka neema. Kwa anayecheza peke yake na kusoma kunamchosha, huo ni mzigo.

Sasa vita, maana hapo ndipo penye nyama. Unaingia na mashujaa watatu. Kila mmoja anakuja na kadi nane ulizomchagulia, jumla 24, zinachangwa pamoja. Mkononi unashika sita. Kila zamu unaruhusiwa kucheza tatu, na mbili unaweza kuzitupa ukavuta nyingine. Kadi za kawaida, za kupiga au kujikinga, hazigharimu kitu. Kila ukicheza moja unaongeza mvuke kwenye kipimo kilicho juu ya skrini. Kadi kubwa zinakula mvuke huo. Kipimo ni cha timu nzima, kwa hiyo mvuke alioukusanya Galleo kwa kazi ya kawaida unaweza kuliwa wote na Copernica kwa pigo moja la kichawi. Wivu hauna nafasi hapa.

Juu ya hayo kuna mambo mawili yanayofanya kichwa kizunguke vizuri. La kwanza: ukicheza kadi tatu za shujaa yuleyule kwenye zamu moja, anazawadiwa ya nne bure, na ya nne hiyo inategemea silaha aliyoishika. La pili: baadhi ya kadi hupata nguvu ya ziada zikitanguliwa na kadi ya mwenzake fulani. Mambo haya mawili yanavutana. Moja linakuambia mpe Armilly zamu yote, lingine linakuambia wachanganye.

Nitoe mfano wa zamu moja. Bosi, yaani adui mkuu wa eneo, amebakiza damu kidogo, Galleo yuko hoi, kipimo hakina mvuke wa kutosha hata kadi kubwa moja. Mkononi nina kadi mbili za upanga za Armilly, mbili za kawaida za Copernica, pigo lake kubwa, na tiba ya Galleo ambayo nayo inataka mvuke. Nataka kupiga na kutibu kwa pamoja, mvuke hautoshi. Nikainua kidole nitupe lile pigo kubwa nitafute Armilly wa tatu. Mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, usiitupe hiyo! Cheza ndogo mbili kwanza mvuke upande." Nikahesabu. Kweli, kadi mbili za kawaida zinaongeza mvuke, na pigo kubwa linakuja la tatu, ndani ya zamu ileile. Tena zote tatu zikiwa za Copernica, ya nne inakuja bure. Bosi akaanguka na Galleo hakuhitaji tiba. Mtoto hakunyamaza jioni nzima.

Mpangilio wa zamu kama huo ndio unaonikosha. Kwenye gemu la dadu ningeomba Mungu. Hapa nilihesabu, na hesabu ilikuwa mbele yangu muda wote.

Kadi nane kwa kila shujaa ni chache, na uchache huo ndio utamu. Magemu mengine ya kadi yanakuacha ujaze fungu mpaka huna habari na kilichomo. Hapa kila kadi lazima ijitetee. Zipo zaidi ya mia moja za kuchagua; nyingine unaziokota njiani, nyingine unaziunda kwa mfanyabiashara ukimpelekea vifaa na pesa, na zipo unazoweza kuziboresha. Kosa la wengi ni kumpakia Copernica mapigo makubwa matupu. Ukifanya hivyo utashika mkono uliojaa kadi za kifahari na kipimo kikavu, ukitazamana na adui. Mimi naweka za kawaida angalau nne kwa kila mmoja, na sibanduki hapo. Kumbuka pia kwamba kadi unayoitaka, ikiwa moja tu kati ya 24, ina nafasi ya robo tu kuwa kwenye sita zako za kwanza. Ukiihitaji mapema, weka mbili.

Kuna kitu kidogo kilichonifurahisha kama mtu wa historia ya mashine. Ndani ya gemu kadi hizi ni kadi za matundu, zile za kuipa mashine maagizo, na kwa roboti wa mvuke hakuna kinachofaa zaidi. Joseph Marie Jacquard wa Ufaransa alionyesha mwaka 1804 kitanda cha kufumia kilichoongozwa na kadi zilizotobolewa, tundu likiamua uzi upi uinuke. Charles Babbage wa Uingereza akaiazima kanuni hiyo kwa mashine yake ya kukokotoa aliyoieleza 1837, mashine ya magurudumu ambayo hakuikamilisha. Kisha Herman Hollerith akatumia kadi za matundu kuhesabu sensa ya Marekani ya 1890. Kwa hiyo roboti anayechomekewa kadi ili apige upanga si kichekesho kitupu; ni ndoto ya Babbage iliyovalishwa helmeti. Magemu mengi ya stimupanki yanabandika gia kwenye kofia basi. Hawa wameingiza karne ya 19 kwenye kanuni zenyewe za mchezo.

Michoro imechorwa kwa mkono na inapendeza: misitu yenye mwanga unaopenya, majumba yenye vumbi, na kila roboti ana mwendo wake. Muziki ni wa kawaida kwangu, sikuukumbuka baada ya kuzima.

Kasoro zipo. Mwanzo ni mzito. Mpaka upate shujaa wa nne na kuanza kubadilisha timu, mapambano yanafanana. Ramani ni vyumba vilivyoungana, unapita na kutafuta masanduku yaliyofichwa nyuma ya kuta, na baada ya muda unaanza kugonga kila ukuta kwa mazoea tu. Kuhifadhi mchezo ni kwenye sanamu maalumu. Sanamu inakutibu bure, lakini ukiitumia maadui wote wa eneo wanarudi. Kimkakati ni wazo zuri, maana unapima: nitibu nipigane upya, au nisonge hivi hivi nikiwa na majeraha? Ila kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, gemu lisilokuruhusu kuhifadhi popote linataka laptopu yenye betri hai. Na kuelekea mwisho, baadhi ya mabosi wana damu nyingi kupita kiasi. Umeshamshinda kwa akili, imebaki kumalizia kwa subira.

Jambo jingine, kwa wale wanaotafuta RPG ya maamuzi mazito, ya kuua au kusamehe na dunia ikakumbuka: hii siyo. Maamuzi yako yote yamo kwenye kadi.

Bei yake ya kawaida ni dola 24.99, na kwenye kompyuta hushuka sana nyakati za punguzo, kwa hiyo usikimbilie kulinunua kwa bei kamili kama huna haraka. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, bila tatizo. Laptopu yangu haina kadi ya michoro ya kujitegemea na liliteleza vizuri. Mwenye Switch namshauri achukue la Switch, kwa sababu mapambano yanakatika vipandevipande na yanafaa kuchezwa kwenye daladala la foleni ya asubuhi.

Kiwango cha ugumu: kuna Squire, Knight na Legend. Mtoto mpe Squire. Wewe anza na Knight, kwa maana kwenye Squire unaweza kushinda kwa kubonyeza ovyo, na ukishinda kwa kubonyeza ovyo hutagundua kwamba fungu lako ni bovu. Legend iache mpaka uwe na pacha wale kwenye timu na umeshaamua nani anakusanya mvuke na nani anaula.