Miaka sita na gitaa la besi la muundo wa Precision: uzoefu wangu

Nilipoanza kutafuta gitaa langu mwenyewe, sharti lilikuwa moja tu: lisivume. Yeyote aliyepiga muziki kwenye kumbi zetu anaujua mvumo ule. Umechomeka waya, hujagusa hata uzi, spika tayari inasema "mmmm". Umeme wa ukumbi hauna waya wa ethi, taa za rangi na friji ya kaunta ziko laini moja na amplifaya yako, na mwimbaji anakugeukia kama vile kosa ni lako.

Mimi napiga besi katika bendi ya dansi hapa Tanga, harusini na kumbini. Gitaa nililokuwa nikiazima kabla lilikuwa la muundo wa Jazz Bass, lenye pikapu mbili. Pikapu ninayoisema ni kile kisanduku cha sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Zile mbili ukizifungua sawasawa gitaa linatulia, kwa sababu zimesukwa kinyume na kila moja inafuta mvumo wa mwenzake. Ukipunguza moja ili upate sauti kavu ya karibu na briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, mvumo unarudi. Na sauti hiyo kavu ndiyo niliyokuwa naitaka, kwa hiyo kila usiku ilikuwa vita.

Langu nililinunua mkononi kwa shilingi 650,000. Si Fender halisi, yaani ya kampuni ya Marekani iliyobuni muundo huu. Ni nakala iliyotengenezwa Asia, na muundo wake unauzwa chini ya majina mengi. Ninachokipima hapa ni muundo wenyewe: Precision kama ilivyokuwa baada ya mwaka 1957.

Mwaka huo ndio wa kushika. Precision ya kwanza ilitoka 1951 ikiwa na pikapu moja ya kawaida, sumaku moja chini ya kila uzi. Mwaka 1957 pikapu ikakatwa vipande viwili: kimoja kinasikiliza nyuzi mbili nene, kingine nyuzi mbili nyembamba, na vimepishana, kile cha nyuzi nene kikiwa kimesogea upande wa shingo. Waya wa kipande kimoja umezungushwa kinyume na wa mwenzake, na sumaku zake zimepinduliwa. Uchafu wa umeme unaingia kotekote kwa pamoja, ukikutana unajifuta. Sauti ya uzi inabaki nzima. Tena kila uzi sasa una sumaku mbili, moja kila ubavu, kwa hiyo kidole kikipiga sauti inatoka nene bila kuchoma.

Usiku wa kwanza nilipolipeleka kazini nilifungua volyumu hadi mwisho nikasubiri. Kimya. Mpiga tumba alidhani sijawasha.

Kwa dansi, sauti yake inakaa pale pale inapotakiwa. Besi ya rumba haiongei muda wote. Inasema neno, inanyamaza, inaiachia tumba, inarudi. Ukiwasikiliza Les Wanyika, jinsi Tommy Malanga alivyokuwa akiacha nafasi katikati ya noti zake, utaelewa kwamba kazi ya besi ni nusu sauti nusu kimya. Gitaa linalolia kwa muda mrefu sana au lenye makali mengi ya juu linaharibu ule ukimya. Precision haina makali mengi. Ina kifua. Solo na ridhimu wakichanganyana juu, yenyewe inapita chini yao na bado unaisikia ukiwa nje kwenye maegesho.

Ili noti zifupike zaidi nimebana kipande cha sponji ya godoro chini ya nyuzi, karibu na briji. Si uvumbuzi wangu. Fender wenyewe walikuwa wanaweka sponji ndani ya kifuniko cha chuma cha briji, na James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit kwa Precision ya mwaka 1962, alikuwa akipiga na sponji hiyo, nyuzi nene bapa (zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa mviringo) na kidole kimoja cha shahada. Nilipolijua hilo nikaacha kuona aibu kwamba mimi pia mara nyingi natumia kidole kimoja.

Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa hakuwa akijua kulipiga. Naamini hilo ndilo lililotusaidia wapigaji. Alikitazama chombo kwa jicho la fundi: kitaharibika wapi, na atakayekitengeneza ataingiaje? Wakati ule mpiga besi wa Marekani alikuwa anabeba dude la kusimama, refu kuliko yeye, lisilosikika mbele ya ngoma na matarumbeta, na halina freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kwa hiyo noti unaitafuta kwa sikio. Precision ikaja na freti 20, na ndiyo maana ya jina lake: usahihi, ukibonyeza hapo noti ni ile ile. Wapo waliomtangulia, Paul Tutmarc wa Seattle alishatengeneza besi ya umeme yenye freti miaka ya 1930, ila haikuenea. Ya Fender ilienea hadi wanamuziki wakawa wanaiita besi yoyote ya umeme "Fender bass".

Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi briji aliuweka inchi 34, karibu sentimeta 86. Uzi mfupi zaidi ungelegea ukifungwa kwa noti ya chini. Mrefu zaidi ungewashinda wenye mikono ya kawaida. Kampuni nyingi mpaka leo zinafuata kipimo hicho.

Jicho hilo la fundi nimeliona kwa macho yangu. Mwaka wa pili volyumu ilianza kukwaruza, na baadaye sauti ikawa inakatika. Nilifungua skrubu 13 za bamba la plastiki mbele ya gitaa, nikaligeuza juu ya meza. Ndani kulikuwa na vitu vitatu tu: vifundo viwili, kimoja cha volyumu na kimoja cha toni, na tundu la waya. Kapasita moja, kidude kinachopunguza makali ya sauti, imeng'ang'ania kifundo cha toni. Waya mweusi wa tundu ulikuwa umeshikwa na risasi nyembamba ya kulehemu, imepauka, na nilipougusa kwa kucha ukaachia. Niliulehemu mezani kwangu, saa kumi na moja jioni. Saa mbili nilikuwa jukwaani. Gitaa langu halina betri wala sakiti ndogo ndogo. Kuna besi nzuri zenye betri, na moja ya kwanza iliyopata umaarufu, StingRay ya mwaka 1976, Leo Fender huyo huyo alikuwa na mkono ndani yake katika kampuni ya Music Man, baada ya kuiuza ile ya jina lake kwa kampuni ya CBS mwaka 1965. Ila mimi sitaki kitu kinachoweza kuniishia katikati ya wimbo.

Shingo ndiyo iliyonitesa, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu pwani hapa itakutesa na wewe.

Shingo ya Precision imefungwa kwenye bodi kwa skrubu nne, haikuunganishwa kwa gundi. Ndani yake kuna chuma kinachopambana na mvuto wa nyuzi. Msimu wa masika mbao inakunywa unyevu, shingo inajikunja mbele, nyuzi zinapanda juu, na ukifika freti ya kumi unabonyeza kama unakanda unga. Nilimpelekea fundi mmoja mjini. Hakugusa chuma. Alichukua tupa akasugua freti. Nililipa, nikafika nyumbani, na kuanzia freti ya tano hadi ya saba uzi wa tatu ukawa unalia "zzz" kama nzi kwenye chupa. Freti zilizosuguliwa hazirudi. Nilikaa miezi nikizikwepa noti hizo, na mpigaji anayekwepa noti hana raha.

Mwisho nilijifunza mwenyewe. Kwenye gitaa langu kichwa cha chuma hicho kiko chini kabisa, pale shingo inapoingia kwenye bodi, kama zilivyokuwa za zamani, kwa hiyo lazima ulegeze nyuzi na skrubu zile nne, uinue shingo, ndipo bisibisi iingie. Ni usumbufu. Nilikaza robo mzunguko kuelekea kulia, nikafunga, nikaliacha lilale usiku mmoja, nikapima. Robo nyingine. Siku ya tatu nyuzi zilikuwa zimeshuka na mkono ukapata nafuu. Zile freti baadaye zilibadilishwa na fundi mwingine, mpole na mwangalifu, kwa gharama iliyokaribia theluthi ya bei ya gitaa. Lingekuwa la shingo iliyogundishwa, nadhani ningelitupa.

Wenye vidole vifupi wajue kwamba shingo hii ni pana. Za zamani zilikuwa na milimita 44 pale juu, kabla ya freti ya kwanza. Langu lina 42. Jazz Bass ya mwaka 1960 ilikuja na 38, na mwenye kucheza noti nyingi za haraka atafurahi zaidi huko. Mwezi wa kwanza kiganja changu cha kushoto kiliuma kila Jumapili asubuhi. Uzito nao upo, karibu kilo nne, na harusi yetu inaisha saa tisa usiku. Nunua mkanda mpana wa ngozi kabla hujanunua kitu kingine. Nyuzi bapa ni ghali na hazipatikani kirahisi, ila za kawaida hewa ya chumvi inazila upesi, kwa hiyo nafuta kila uzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha gitaa kwenye begi.

Ukienda kununua la mkononi, usimsikilize muuzaji kuhusu rangi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na ya mwisho kwa mwingine, kisha tazama katikati: uwazi wa unene wa kadi ya biashara unatosha. Ukiwa mkubwa, omba bisibisi, uone kama kile chuma bado kinazunguka. Kikigoma, rudisha gitaa ukutani.