Nimefunga tairi kubwa za AT kwenye Hilux: mchangani raha, kwenye mbuga bado tunavutwa na ng'ombe

Wakuu habari. Watu wameniuliza sana kuhusu hizi tairi za AT (all-terrain, yaani za njia mchanganyiko) za Vigo yangu, wengine pale soko la Mwaloni hapa Mwanza wanachuchumaa kabisa wanazipapasa kama wanakagua mbuzi wa mahari, sasa nikaona niandike mara moja yaishe, maana nikielezea nusunusu mtu anaenda kununua size kubwa ya 285 afu anarudi kunilaumu mimi.

Gari ni Hilux Vigo dabo kabini, injini 2KD ile ya 2.5 dizeli, foo wili. Na siyo gari la kuosha Jumamosi na kupigia picha, ni gari la kazi. Natoa dagaa Kayenze na Igombe naleta Kirumba Mwaloni, msimu wa mpunga naingia Kwimba huko ndani, Sumve, Malya na vijiji vyake. Kwahiyo linakanyaga lami, mchanga wa ziwani, mawe (Mwanza hii, njia ya kupanda kwangu ni mawe matupu) na ule udongo mweusi ambao Wasukuma tunauita mbuga. Nikisema mbuga msifikirie Serengeti, nasema udongo.

Tairi zilizokuwepo ni 265/65 ringi 17 za lami (265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu), zimeshakuwa kipara. Oktoba mwezi ulikuwa mkali, dagaa hakuna, si mnajua dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikiwaka karabai haina kazi, gari limelala nikasema sasa ndio wakati.

Kabla sijatoa hela nilikaa na kalamu. 265/65 ringi 17 kimo chake kutoka chini mpaka juu ni kama milimita 776. Ukienda 265/70 inakuwa 803, na 285/70 inafika 831. Sasa hapa ndio wengi wanapigwa, mtu anaona 803 toa 776 anasema gari limepanda milimita 27. Halijapanda 27 bana, limepanda nusu yake, 13 na kitu, maana nusu nyingine ya hilo ongezeko iko juu ya ekseli haiinui chochote. Yaani sentimita moja na kitu ndio niliyoilipia milioni mbili! Nilipomwambia mama watoto akaniuliza kwani ukivaa viatu vya soli nene utakuwa umeongeza kiasi gani. Sikujibu.

Ila kiukweli sikufuata kimo, nilifuata meno na mbavu. Zile za lami ubavu wake ni laini, jiwe likichongoka kidogo tu linachana pembeni na kule fundi hazibi, unatupa. Nilishatupa 2 kwa mwaka. Hizi AT za 265/70 nilizochukua ni zile zenye herufi LT mbele ya namba, za kubeba mzigo, ubavu mgumu. Nilipima kwenye mzani wangu wa mpunga, ile ya zamani bila rimu ilikuwa kilo 16 na kitu, mpya kilo 21. Kumbukeni hizo kilo 5 nitazirudia.

285 niliikimbia kwa sababu jamaa yangu anayo kwenye Vigo kama yangu, hajainua springi wala nini, akikata stelingi mpaka mwisho tairi linakwangua madigadi, akiingia kwenye shimo huku amekata kona ndio unasikia kabisa krrr. Amekatakata plastiki za ndani, amegonga na nyundo huko, bado. Uzuri wa gari lake ni ukiwa limepaki.

Kununua kwenyewe kulikuwa na vituko. Duka la kwanza mjini (silitaji) wakanitolea tairi linang'aa, limepakwa dawa, stika zote zipo, bei chini laki nzima kuliko kwingine. Nikainama nikatafuta zile namba 4 za mwisho baada ya DOT ubavuni. Wengi hawaziangalii jamani. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, nikakuta 3118, maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2018. Raba imekaa stoo miaka yote hiyo inakauka, wewe unaambiwa mpya. Muuzaji akaniambia "mzee, tairi siyo maziwa." Nikamwambia haya, kaa nalo mgandishe. Duka la pili nikapata zilizotengenezwa mwaka huohuo niliokuwa nanunua kwa 520,000 kila moja, 4 zikala 2,080,000. Kampuni sitaji, nikitaja mtasema nimepewa chochote kitu, na hata hivyo mengi ninayosema hapa ni tabia ya AT yoyote ya size hii.

Kufunga nilienda kwa fundi mmoja maeneo ya Mabatini na huyu nampa maua yake. Alifunga, akabalansi zote 4, akakata stelingi kushoto kulia huku kijana wake yuko chini anamulika na tochi kuona kama kuna panapogusa, upande wa kulia ukawa unabusu madigadi kidogo, akavuta skrubu mbili nyuma ikaisha. Afu akakataa kuniachia mpaka nifanye alaimenti, mimi nataka kubana hiyo hela, yeye anasema "bosi, tairi la laki 5 unataka lilike upande mmoja kwa ajili ya elfu 40?" Nikalipa. Jumla pale elfu 80 hivi.

Haya, barabarani. Siku ya kwanza nilihisi gari limekuwa zito kwenye kuondoka, gia ya kwanza na ya pili unakanyaga linasitasita, na ya tano ukiwa na mzigo kwenye mwinuko halikai, linaomba ya nne. Ndio zile kilo 5 kila kona, na zinazunguka. Breki nazo nikaona natakiwa nianze mapema kidogo. Sauti ipo, ukifika 80 kunakuwa na mvumo fulani kama nyuki wako mbali, nilipopita Daraja la Magufuli pale Busisi, lami nyororo ile kama kilomita 3 juu ya maji, madirisha yamefungwa, ndio niliusikia vizuri, nikajua hapa nitauzoea tu maana zamani hapo ningekuwa kwenye foleni ya kivuko nasikiliza matusi. Dagaa hawalalamiki kelele lakini mama mkwe alilalamika.

Spidi. Tairi likiwa kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, kwahiyo dashibodi inasoma pungufu, kwa size yangu ni kama asilimia 3.4. Mimi nilipima kwa GPS ya simu, zamani dashibodi ikisema 100 simu inasema 95, sasa hivi ikisema 100 simu inasema 98 mpaka 99. Yaani kwangu imekuja kusema ukweli zaidi! Ila kwenye vibao vya 50 ule unafuu uliokuwa unakulinda na tochi za trafiki umeisha, chunga.

Na hapohapo kuna mtego wa mafuta. Zamani nilikuwa napata kilomita 10.5 kwa lita. Baada ya kufunga nikapiga hesabu nikapata 9.6 nikakaribia kulia. Kumbe kilomita zenyewe nazo zinahesabiwa pungufu, 100 ya dashibodi sasa ni sawa na 103.4 ya zamani, ukisahihisha inakuwa kama 9.9. Bado inakula zaidi lakini siyo kama wale wanaosema gari limekuwa linakunywa kama semi.

Mchangani sasa. Hapa nimelipwa hela yangu yote. Igombe na Kayenze unashuka mpaka karibu na mitumbwi, mchanga ule umelegea na mwingine umechanganyika na magamba ya konokono, zamani nilikuwa naacha gari juu nalipa vijana wabebe magunia. Sasa nashuka mwenyewe. Ila siyo tairi peke yake, ni upepo. Na 32 PSI nilizama siku ya kwanza tu mbele ya watu wote, aibu, mzee mmoja mvuvi ananiambia "toa upepo baba, tairi ilale." Nikashusha mpaka 18, tairi likatandaza tumbo, gari likatoka lenyewe kama halikuwa linazama. Tangu hapo nina kikompresa cha kuchomeka kwenye betri, elfu 85, na nakwambia kama una hela ya kimoja tu kati ya hicho na tairi mpya nunua hicho kwanza. Ukirudi lami jaza kabla hujakimbia, tairi lenye upepo mdogo linachemka likapasuka. Mimi mbele naweka 32, nyuma nikiwa na mzigo wa kama tani moja naweka 38.

Mbuga. Aisee. Januari, mvua imepiga usiku kucha, naenda kuchukua mpunga ndani ya Kwimba, nimejiamini, foo wili imeingia, meno mapya yale. Nilienda kama mita 200. Udongo ule ukilowa unavimba unanata kama ugali wa muhogo, unaingia kwenye meno unajaa, na mianya ya AT ni midogo haiwezi kujitapisha, mzunguko wa tatu wa nne tairi limekuwa duara la tope, yaani nimerudi kwenye kipara changu kilekile ila cha milioni mbili. Na kwa vile ni pana na zito linabeba tope zaidi. Likaserereka taratibu, kwa heshima zote, likajilaza mtaroni.

Kijana mmoja akaja na jozi mbili za maksai, nira na mnyororo. Akazunguka gari, akazitazama tairi, akaniuliza, "Mzee, hizi si ndio zile za kupita popote?" Nikamwambia ndivyo nilivyosikia. Elfu 20, maksai wakavuta gari kama wanavuta plau, hata hawakuhema. Wabeja sana (asante kwa Kisukuma) yule kijana. Kama maisha yako ni mbuga tupu chukua tairi za matope zenyewe zile za meno makubwa yaliyoachana, lakini lami utazichukia, mimi nakaa lami zaidi kwahiyo sibadilishi. Siku hizi mvua ikinyesha nasubiri jua liwake saa 3 au 4, nashusha mpaka 22, naingia foo wili mapema na sisimami katikati hata nikipungiwa mkono na nani.

Mpaka sasa miezi 7, kilomita 14,000, hakuna ubavu uliochanika na meno yameisha kidogo sana.

Kosa langu ni spea. Nilinunua 4 nikabana ya 5, chini ya bodi imebaki ile 265/65. Mwezi uliopita msumari umeingia tairi la nyuma, nina magunia ya dagaa, jua la saa 7. Sasa ukiweka tairi fupi nyuma upande mmoja difu, zile gia za katikati ya ekseli, inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, na foo wili ndio usiguse kabisa. Ikabidi nitoe la mbele nilipeleke nyuma, lile fupi niweke mbele, jeki mara mbili, dagaa wananuka wanazidi kukauka, na kila boda anayepita anauliza mzee umeishiwa mafuta? Ya 5 nimeshalipia nusu, fundi anasema inaingia palepale kwa spea kwa kubanwabanwa, Jumatatu naipitia.