Soketi ya tela: plastiki au aluminiamu?

Hii maneno ya soketi, pale nyuma ya gari unachomeka waya wa taa za tela, haiishi huko Grogan, mtaa wa spea za magari Nairobi. Ya plastiki ni bei poa na haishiki kutu, lakini ikining'inia chini ya bampa kwa barabara ya mawe, jiwe moja tu imepasuka. Ya aluminiamu inavumilia vizuri sana, inakugharimu zaidi, na shida yake ni maji na chumvi, inatoa unga mweupe, kifuniko kinakwama, so matengenezo ni mengi. Pini za shaba zinashika ukijani kwa zote mbili, zisugue upake grisi ya umeme, na tafadhali mwambie fundi ainue soketi juu, ijifiche nyuma ya bampa. Unavuta tela kwa lami hadi Kitengela? Plastiki inatosha kabisa. Wa kwenda Turkana kwa barabara ya mawe, ongeza pesa uchukue aluminiamu.