Exact Audio Copy kwa CD za muziki: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Wenzangu wa korali wananiuliza kila mara natumia programu gani kutoa muziki kwenye CD, nikisema Exact Audio Copy, au EAC tu, wananijibu aaa ile ni ngumu, Windows yenyewe inafanya hiyo kazi bila kusumbua mtu. Ni kweli inafanya. Lakini haikuambii kama ilichokutolea ndicho kilichoko kwenye CD, na mimi hapo ndipo nataka jibu, maana hizi CD za misa za zamani hakuna duka utaenda kununua zingine.

Shida yenyewe iko hivi. Muziki kwenye CD umekatwa vipande 75 kila sekunde, kila kipande bayiti 2,352. CD ya data ina ulinzi wa ziada juu ya makosa, ya muziki haina, kwa hiyo lekteri (mashine inayosoma CD) ikifika kwenye mkwaruzo na ikashindwa kusoma inakisia tu, inaziba, inaendelea mbele kama hakuna kitu, na wewe unabaki na fishie (faili) nzuri kabisa kwa jina, ukiweka ekuta masikioni unasikia "tik, tik" pale mwimbaji anapopanda sauti.

EAC, kazi ya Mjerumani Andre Wiethoff, ni ya bure kwa matumizi yako binafsi na iko ya Windows. Ukiiweka kwenye secure mode inasoma kila sehemu zaidi ya mara moja na inalinganisha. Zikitofautiana inarudia mara 16, inataka angalau 8 zifanane, zisipofanana inaanza tena 16 zingine, mpaka mafungu matano. Nina CD moja ya korali yetu, mistari imejaa juu yake, wimbo wa nne ulipofika katikati vile vitaa vyekundu vya makosa vikaanza kuwaka kimoja kimoja, spidi ikashuka mpaka chini ya ile ya kusikiliza kawaida, na lekteri inalia tu. Mwisho ikaandika kwenye ripoti dakika na sekunde yenyewe ambayo haina uhakika nayo. Nikaenda kusikiliza pale pale.

Halafu kuna AccurateRip. Hiyo inachukua hesabu ya kopi yako na kuilinganisha kwa intaneti na kopi za watu wengine waliotoa CD ile ile, mkifanana unajua umetoa sawa. CD yangu ya gitaa la Mwenda Jean-Bosco, zile rekodi Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifanya miaka ya 1950 huku kwetu Katanga, ilikubaliwa nyimbo zote na nilifurahi sana. CD za korali ndiyo haziko mule, nani azitie? Kwa hizo natumia Test & Copy, inasoma wimbo mara mbili na kukupa CRC mbili, yaani namba za kuhakiki data, zikifanana naendelea. Ila angalieni, lekteri zingine zinaweka data kwenye kashe (kumbukumbu yao ya muda), ukiomba isome tena inakurudishia ile ile ya kwanza, sasa lazima kwenye mipangilio uiache EAC ipime lekteri yako kwanza, usiruke hiyo hatua.

Kuseti kunachosha, sifichi. Na majina ya nyimbo za korali utaandika mwenyewe kwa mkono yote. Natunza kwa FLAC, aina ya fishie ya muziki iliyobanwa, haipotezi kitu na inakula karibu nusu ya nafasi ya WAV isiyobanwa, pamoja na ripoti na cue sheet (fishie ndogo ya maandishi inayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi) kwenye folda moja.

Hiyo cue sheet ndiyo inasaidia siku ya kugrava, yaani kuandika muziki kwenye CD tupu, na kugrava bado tunagrava, bababa na bamama wengi wako na radio ya CD tu, na gari pia. EAC inagrava yenyewe. Misa iliyorekodiwa moja kwa moja inatoka wimbo huu kuingia ule bila kusimama, ukigrava wimbo mmoja mmoja inaingiza kimya cha sekunde mbili katikati na makofi yanakatika, kwa hiyo ni disc-at-once, CD nzima kwa mkupuo mmoja, siku zote. CD-R (CD tupu ya kugravia) ya dakika 80 inatosha. Spidi mi naweka ya katikati, radio za zamani zinasoma vizuri zaidi kuliko nikikimbiza. Na fanyeni kwa laptop yenye batri iliyojaa, kuran (umeme) ikikatika katikati ya kugrava hiyo CD-R ni ya kutupa.

Kama unanunua lekteri ya USB pale mujini, uliza muuzaji akuruhusu kuijaribu na CD yako mbovu, si mpya. Lekteri mbili za bei moja, ingine inasoma mkwaruzo ule ule bila shida na ingine inashindwa kabisa. Na CD ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.