Miwani mpya, sakafu imepinda

Nimechukua miwani yangu ya kwanza ya mbali na karibu kwa pamoja, ile isiyo na mstari, kwenye duka moja hapa Moshi mjini. Siku ya kwanza nilitaka kuitupa. Nikishuka daladala ya Majengo, lami ikawa kama inainuka kunifuata, nikakanyaga hewa, konda akanidaka: “Taratibu, mama!”

Nikarudi nimefura. Kijana wa vipimo hakubishana. Alichora msalaba na nukta nyuma ya risiti. “Mama, fumba jicho la kushoto, kodolea msalaba, vuta karatasi polepole.” Nukta ikapotea! Wala hapakubaki tundu. Pakawa peupe tu. Kumbe pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho hapaoni kitu, ubongo unajazia kwa kukisia kutokana na pembeni. Akasema wangu bado unakisia kwa mazoea ya miwani ya zamani, niivae kutwa.

Sikumwamini sana, nikasoma mwenyewe. Mwaka 1897 Mmarekani George Stratton alieleza alivyovaa lenzi za kupindua dunia juu chini kwa siku 8, akazoea hata kutembea. Mimi sakafu ilinyooka siku ya 5, nasonga ugali. Sikujua ilinyooka saa ngapi.

Lawama yangu: wangenionya kabla sijatoka dukani. Skrubu ya mkono wa kulia nayo inalegea. Nyota 4. Kitambaa cha kufutia hawatoi mpaka uombe, kwa hiyo omba.