Diwani au ngoma: kutafiti fasihi ya upinzani ukiwa Dodoma

Mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma anayetaka kutafiti fasihi kama sauti ya kupinga ana njia mbili kubwa: maandishi, au nyimbo za Wagogo wa Chamwino, Mvumi na Kongwa.

Maandishi yametulia. Chukua Sauti ya Dhiki, diwani (yaani mkusanyo wa mashairi) ya Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kuikosoa serikali. Mashairi hayo ya gerezani yalichapishwa 1973. Kosa na kifungo vinajulikana, hivyo hoja ya upinzani huthibitika bila kubahatisha. Ila wengi wameshayachambua, na pengo jipya halipatikani kirahisi.

Nyimbo ndizo zinazonigusa zaidi. Katika ngoma, mwimbaji anaweza kumsema kiongozi mla michango mbele ya kijiji kizima, kwa fumbo, na mhusika akabaki kimya kwa sababu hakutajwa jina. Upinzani huo hauna tarehe ya kuchapishwa. Mtafiti lazima aandike nani aliimba, nani alikuwepo, kulikuwa na mgogoro gani. Bila hayo anabaki na maneno matupu. Anahitaji kibali, ridhaa ya waimbaji na mtu anayekijua Kigogo kwa ndani. Tena asiende wakati wa mvua, watu wako shambani. Aende baada ya mavuno.

Mwenye muda mfupi na fedha kidogo achukue diwani. Aliyelelewa kwa Kigogo, sioni kwa nini awaache waimbaji walio hai akimbilie maktaba.